Kanda, Diski na Simu: Njia Tunazotazamia Filamu Nyumbani na Sikio la Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Makala hii imetokana na kosa letu wenyewe. Muhula mmoja tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi la kutazama filamu moja ya Kiswahili iliyotengenezwa Dar es Salaam miaka ya 2000. Kila mmoja aitazame kwa wakati wake na kwa chombo alicho nacho, kisha ajibu maswali kumi kuhusu salamu na lugha ya heshima. Swali la saba liliuliza hivi: msichana anapomwamkia mzee wa nyumba, mwili wake unafanya nini, na kitendo hicho kina maana gani? Jibu tulilolitarajia ni kwamba anapiga goti. Mwanafunzi mmoja aliandika kuwa msichana anatamka "shikamoo" kisha anaondoka bila kusubiri kuitikiwa, na kwamba hiyo ni dalili ya kukosa adabu. Tulimpa sifuri, tukaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hukutazama filamu."

Kesho yake alikuja ofisini. "Shikamoo mwalimu," akasema. Tukaitikia. Hakubishana nasi. Alitoa simu yake, akaifungua filamu, akaisogeza hadi kwenye onyesho lile, akatuachia tutazame. Msichana alisema "shikamoo", kichwa chake kikashuka, kikapotea chini ya ukingo wa skrini. Akabaki mzee peke yake na ukuta nyuma yake, kisha onyesho likabadilika. Kijana yule alikuwa ametanua picha kwa vidole viwili ili ijaze simu yote, kama wafanyavyo wengi wetu. Filamu alikuwa ameitazama, tena mara tatu. Ila filamu aliyoitazama yeye haikuwa na goti ndani yake.

Tangu siku hiyo tumejifunza kuuliza swali ambalo hapo awali hatukuona kama linawahusu walimu wa lugha: mwanafunzi ametazama filamu kwa njia gani? Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi kanda ya video, diski, faili la simu na mtandao zinavyobadilisha kile ambacho mtazamaji wa nyumbani anakiona na kukisikia. Hoja yetu ni moja: chombo si kibebeo tu cha filamu. Chombo huamua nani aonekane, sauti ipi isikike na maneno yapi yasomwe, na kwa mwanafunzi wa lugha hayo ndiyo somo lenyewe.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi. Hata hivyo, wanafunzi wetu wengi hawana mtu wa kuzungumza naye Kiswahili nyumbani. Kwa wengi wao, msemaji wa Kiswahili aliye karibu zaidi ni mwigizaji wa filamu. Kwa hiyo hatuna budi kujua msemaji huyo anawafikia akiwa mzima au akiwa nusu.

Picha inapokatwa

Tuanze na umbo la picha. Televisheni tulizokua nazo, zile zenye mgongo mkubwa, zilikuwa na kioo cha uwiano wa 4 kwa 3: upana sehemu nne, kimo sehemu tatu. Filamu za sinema zilikuwa zimekwishaachana na umbo hilo tangu miaka ya 1950. Mwaka 1953 ilitolewa filamu ya Kimarekani iitwayo The Robe, ya kwanza kuonyeshwa kwa mfumo wa CinemaScope, na tangu hapo filamu nyingi zimepigwa kwa picha pana sana, ambayo upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Uwiano uliozoeleka ni 2.35 kwa 1.

Je, picha pana kiasi hicho itaingiaje katika televisheni ya inchi 14 iliyo karibu mraba? Watengenezaji wa kanda za VHS walikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kuiweka picha yote na kuacha mistari mipana myeusi juu na chini. Hapo picha hutumia takriban asilimia 57 tu ya kimo cha kioo, na watazamaji wengi waliona kwamba wamepunjwa: wamenunua televisheni nzima, wanatazama nusu. Njia ya pili ni kukata pande ili picha ijaze kioo. Fundi huchagua sehemu ya picha ya kuonyesha, na wakati mwingine huisogeza kushoto au kulia kumfuata anayesema. Njia hii ndiyo iliyopendwa kwa kanda, nayo hupoteza kiasi cha asilimia 43 ya picha. Kama watu wawili wanazungumza, mmoja kila upande, fundi hulazimika kumwacha mmoja. Tunamsikia mtu akijibu, lakini uso tunaouona ni wa aliyeuliza.

Televisheni bapa zilipoenea, tatizo liligeuka. Kioo chake ni cha 16 kwa 9, ilhali filamu nyingi za Kiswahili za mwanzo wa miaka ya 2000 zilipigwa kwa kamera za video za 4 kwa 3. Filamu ya namna hiyo ikiwekwa kwenye televisheni bapa, rimoti inatoa uchaguzi wa aina tatu. Unaweza kuacha nafasi nyeusi kushoto na kulia, na picha ikabaki kama ilivyopigwa. Unaweza kuivuta kwa upande, na waigizaji wote wakanenepa nyuso. Au unaweza kuikuza hadi ijaze kioo, na hapo robo ya kimo cha picha hukatwa, juu na chini. Simu za siku hizi ni ndefu zaidi. Nyingi zina uwiano unaokaribia 20 kwa 9. Ukiitanua filamu ya 4 kwa 3 hadi ijaze simu ya namna hiyo, unapoteza asilimia 40 ya kimo chake. Huko ndiko lilikokwenda goti la msichana wetu.

Mtu anaweza kusema kwamba kilichopotea ni picha tu, maneno yamebaki yote. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo, kwa sababu maneno ya Kiswahili hayasimami peke yake. Chukua mfano wa vionyeshi. Tunawafundisha wanafunzi kwamba "huyu" ni wa karibu na msemaji, "huyo" ni wa karibu na msikilizaji au ametajwa tayari, na "yule" yuko mbali na wote wawili. Tunachora duara ubaoni, tunaweka mishale, na bado wanachanganya. Filamu ingetusaidia sana hapa, kwani mwigizaji anaposema "mwulize yule", tunamwona yule akiwa amesimama penye mlango. Lakini aliyesimama penye mlango mara nyingi yuko ukingoni mwa picha, na ukingo ndio wa kwanza kukatwa. Sentensi iliyokuwa wazi hugeuka kuwa fumbo, na mwanafunzi hujifunza kwamba "yule" ni neno lisilo na mtu.

Hali ni hiyohiyo kwa ishara. Wazungumzaji wetu wengi huonyesha mahali kwa kidevu au kwa mdomo, husisitiza kwa kiganja, hupokea kitu kwa mikono miwili. Mikono huwa chini ya picha. Ukikata chini, umekata adabu.

Mwendo wa picha na ukali wa sauti

Jambo la pili halionekani kwa macho, nalo linahusu mwendo. Filamu za sinema kwa kawaida hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika katika nchi zetu za Afrika Mashariki enzi za analojia, ulikuwa na mistari 625 na picha 25 kila sekunde. Ili kuiingiza filamu katika mfumo huo, njia rahisi iliyotumika ilikuwa kuiendesha kwa kasi zaidi kidogo: picha 25 badala ya 24. Ongezeko hilo ni la asilimia 4 hivi. Filamu ya dakika 120 humalizika kwa dakika 115 na sekunde chache. Sauti nayo, isiporekebishwa, hupanda kidogo, kiasi kisichofika nusu toni ya muziki.

Mzawa wa lugha hasumbuliwi na asilimia 4. Mwanafunzi anayehangaika kutenganisha neno na neno anaweza kusumbuliwa. Ni vizuri mwalimu akumbuke kwamba nakala mbili za filamu moja zinaweza kuwa na urefu tofauti bila onyesho lolote kukatwa, hasa anapowaelekeza wanafunzi "nendeni dakika ya 40". Filamu zilizopigwa kwa video huku kwetu hazina shida hii, kwa kuwa nyingi zilipigwa moja kwa moja kwa picha 25.

Shida kubwa zaidi ni kubanwa kwa sauti. Wengi tunakumbuka VCD, diski iliyoingia sokoni mwaka 1993 na kuenea sana Asia na Afrika kwa sababu ilikuwa rahisi kutengeneza. Picha yake ilikuwa ndogo, nukta 352 kwa 288 katika mfumo wa PAL, na diski moja ilibeba dakika 74 tu, au zaidi kidogo. Filamu ya kawaida ilihitaji diski mbili, na filamu ya Kihindi ya saa tatu ilihitaji tatu. Kisha zikaja mitaani zile DVD za kunakili zenye filamu kumi au ishirini katika diski moja. Filamu hazijazi diski kimiujiza. Hubanwa, na katika kubanwa huko baadhi ya sauti hutupwa.

Sauti zinazotupwa mwanzo ni zile kali za juu. Kwa walimu wa fonolojia hili ni jambo la kuzingatia. Sauti /s/ ina nguvu yake kubwa juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, ilhali simu ya kawaida ya sauti huishia karibu na 3,400. Ndiyo sababu katika simu tunalazimika kutaja herufi za jina moja moja. Nakala ya filamu iliyobanwa mno, ikisikilizwa kwa spika ndogo ya simu, hufanya vivyo hivyo. Hapo mwanafunzi ataitofautishaje "thamani" na "samani", au "dhana" na "zana"? Tumewahi kuwalaumu wanafunzi kwa kuandika "samani ya elimu" katika zoezi la kusikiliza. Tulipoicheza nakala yao kwa spika zao, hata sisi hatukuisikia /th/.

Hapa inafaa tuondoe dhana moja potofu. Kunakili faili kutoka flashi hadi kompyuta hakupunguzi kitu; nakala ya mia ni sawa na ya kwanza. Kinachopunguza ni kulibana faili upya ili liwe dogo. Kanda ya VHS ndiyo iliyochakaa kila iliponakiliwa na kila ilipochezwa. Kanda hizo sasa ni historia: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Lakini filamu nyingi za Kiswahili tunazoziona leo mtandaoni zimenakiliwa kutoka kanda na diski za zamani, na zimebeba majeraha yake.

Manukuu: jicho linapolipumzisha sikio

DVD ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, ilileta jambo ambalo kanda haikuliweza. Diski moja iliweza kubeba hadi njia 8 za sauti na hadi njia 32 za manukuu, na mtazamaji akachagua kwa rimoti. Katika kanda, manukuu yalikuwa yamechapwa juu ya picha, huwezi kuyaondoa. Katika DVD yakawa kama shuka: unaweza kujifunika au kujifunua.

Kwa desturi ya kazi hii, manukuu huwa mistari miwili isiyozidi, kila mstari herufi 40 hivi, na mistari miwili iliyojaa hukaa kwenye skrini kwa takriban sekunde sita. Mtafsiri hana nafasi ya kueleza. Hana budi kufupisha. Katika ufupisho huo, lugha ya heshima ndiyo huumia. "Naomba maji" hugeuka "nipe maji". "Shikamoo" hugeuka salamu ya asubuhi hata kama jua linazama. Mfano uliotugusa zaidi ni wa neno "pole". Mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini jirani, katika onyesho la msiba, anamwomba msamaha mjane ilhali hakumkosea lolote. Jirani alikuwa amesema "pole sana". Manukuu ya Kiingereza yalitumia neno lilelile ambalo Waingereza hutumia kuomba radhi. Mwanafunzi alikuwa amesoma Kiingereza, akaamini amesikia Kiswahili.

Huo ndio utaratibu wa jicho. Manukuu ya lugha tunayoijua vizuri yakiwepo, jicho hushuka chini lenyewe na sikio hupumzika. Mtazamaji wa kawaida hana hasara, kwani anafuata hadithi. Mwanafunzi wa lugha anamaliza saa mbili za Kiswahili akiwa amefanya zoezi la kusoma Kiingereza.

Manukuu ya Kiswahili chini ya filamu ya Kiswahili yana faida kubwa zaidi, kwa sababu jicho na sikio hufanya kazi moja. Nayo yana ugumu wake. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba sentensi nzima. Katika "hawakutufahamisha" kuna ukanushi, nafsi ya watendaji, wakati uliopita na watendwa, vyote ndani ya neno moja la herufi 17. Msomaji wa haraka akiruka silabi moja amepoteza wakati au mtendwa. Mwanafunzi wa mwanzo anahitaji kusimamisha picha, na hapo ndipo diski na faili zinapomsaidia kuliko televisheni.

Sauti ya tatu

Hatuwezi kuzungumzia utazamaji wa filamu Uganda bila kumtaja VJ. Katika vibanda vya video, ambavyo Tanzania wanaviita vibanda umiza, mtu mmoja hukaa na kipaza sauti na kuieleza filamu kwa Kiganda: anatafsiri, anatania, anawapa waigizaji majina ya mitaa yetu. VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana kuliko waigizaji wengi. Tanzania walikuwa na Lufufu, aliyezitafsiri kwa Kiswahili filamu za Kimarekani, za Kihindi na za Kinigeria, na Kenya wana DJ Afro. Kutokana na sauti hizo, watu ambao hawakujua Kiingereza wala Kihindi walifuata hadithi za dunia nzima.

Msomaji aone hapa jinsi chombo kinavyoamua. Kibandani, VJ alipokuwa akisema moja kwa moja, aliweza kupunguza sauti ya filamu, kusema, na kuirudisha. Ilipokuja biashara ya kanda na baadaye VCD za kupeleka nyumbani, sauti yake ilirekodiwa juu ya sauti ya asili, zikawa kitu kimoja. Hakuna rimoti inayoweza kuzitenganisha. DVD yenye njia 8 za sauti ingeweza kubeba zote mbili kando kando, lakini nakala za mitaani hazikutengenezwa hivyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko hapahapa Kampala. Filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga na kutolewa mwaka 2010, leo inatazamwa ulimwenguni ikiwa na sauti ya VJ Emmie. Toleo lisilo na sauti hiyo halipo tena. Filamu hiyo ilikuja kutolewa hata kwa diski ya Blu-ray nchini Marekani, na mtazamaji wa huko, mwenye televisheni kubwa na picha safi, anaisikia ikiwa na sauti ya VJ, kama ilivyo desturi ya kibandani. Maelezo ya mtafsiri yamekuwa sehemu ya filamu.

Je, VJ ni adui wa mwalimu wa lugha? La hasha. Lufufu na DJ Afro wametupatia Kiswahili cha masimulizi chenye pumzi ndefu, methali na masihara ambacho hakipatikani katika vitabu vyetu vya kiada. Mwanafunzi akimsikiliza DJ Afro anajifunza kusimulia. Lakini ajue kwamba anamsikiliza msimulizi. Asiandike katika tasnifu yake kwamba mhusika fulani wa filamu "alisema" maneno ambayo mhusika huyo hakuyasema. Mwaka haupiti bila kusahihisha kazi yenye kosa hilo.

Kutazama na wengine, kutazama peke yako

Kuna athari nyingine isiyopimwa kwa nukta wala mitetemo. Kibandani au sebuleni, filamu ilitazamwa na watu wengi. Kanda ilikodiwa kwa siku moja, jirani wakaalikwa, watoto wakakaa mkekani. Asiyeelewa aliuliza, "amesema nini?" na mtu akamjibu. Mwanafunzi aliyekaa pembeni alipata tafsiri, ufafanuzi na mzaha kwa pamoja. VCD ilipoisha katikati ya filamu, wakati diski ya pili ikitafutwa, watu walibashiri mwisho wa hadithi. Walimu wa leo huliita jambo hilo "shughuli ya kubashiri" na kuliandika katika andalio la somo. Diski ilitupatia bure.

Simu imeleta uhuru mwingine. Netflix ilifungua huduma zake katika nchi zetu mwezi Januari 2016, na filamu nyingi za Kiswahili zinapatikana YouTube. Maduka madogo ya filamu, ambayo mitaani tunayaita laibrari, hukujazia flashi kwa bei ndogo. Mwanafunzi anaweza kurudia sentensi moja mara kumi bila kumuudhi mtu, jambo ambalo kibandani lingemfukuzisha. Kwa zoezi la matamshi hakuna chombo bora kuliko hiki.

Lakini aliye na visikizi masikioni hana wa kumuuliza "amesema nini?" Asipoelewa, hupita. Aidha, anayetazama mtandaoni hutazama kwa kadiri ya bando lake: mtandao ukizidiwa, huduma hizi hushusha ubora zenyewe ili filamu isikwame, na picha huanza kufifia bila yeye kuamua. Na filamu ya mtandaoni si mali yake. Leo ipo, muhula ujao inaweza kuwa imeondolewa pamoja na maandalizi yote ya mwalimu aliyeitegemea. Mwenye diski kabatini hana wasiwasi huo, mradi deki yake bado inafanya kazi.

Mapendekezo kwa walimu na wanafunzi

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, mwalimu aitazame filamu kwa nakala ileile na, ikiwezekana, kwa chombo kilekile watakachotumia wanafunzi. Akitumia projekta darasani na wao wakatumia simu, maswali yake yatauliza mambo wasiyoyaona.

Pili, kila zoezi la filamu lianze kwa mistari miwili ambapo mwanafunzi anaeleza: ametazama kwa chombo gani, nakala ipi, yenye manukuu ya lugha gani, yenye VJ au isiyo naye. Sisi sasa tunalifanya hili, na limetuondolea migogoro mingi.

Tatu, picha isitanuliwe. Mistari myeusi si ubovu. Ni ushahidi kwamba hakuna kilichokatwa. Darasani rimoti ishikwe na mwalimu, na umbo la picha lipangwe kabla ya somo.

Nne, onyesho moja la dakika tatu lichezwe mara nne: bila sauti, ili wabashiri, bila picha, ili wasikilize, pamoja na manukuu, na mwisho bila manukuu. Hapo chombo kinageuka kuwa chaki ya mwalimu.

Tano, wanafunzi watengeneze manukuu ya Kiswahili wenyewe. Faili la manukuu la aina ya SRT ni maandishi matupu: namba ya mfuatano, saa ya kuanza na ya kuishia, kisha maneno. Linaandikwa kwa programu yoyote ya maandishi, likapewa jina sawa na la filamu na kuwekwa pamoja nayo. Kundi la wanafunzi wanne likiandika manukuu ya dakika kumi limefanya imla, sarufi na tahajia kwa wakati mmoja, na mwaka unaofuata wenzao wanayatumia.

Sita, filamu zichaguliwe kwa lugha yake. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inampeleka mwanafunzi Unguja ya miaka ya 1950, naye anaweza kuilinganisha na kitabu. Nairobi Half Life (2012) na Supa Modo (2018) zinamsikilizisha Kiswahili kilichochanganyika na lugha nyingine za Kenya. Hizi zilipigwa kwa ajili ya skrini pana na sauti safi. Tuwatafutie wanafunzi nakala halali na nzuri, tusiwatume kwenye diski ya filamu ishirini.

Hitimisho

Tumeona kwamba filamu inayofika nyumbani imepita mikononi mwa wengi: fundi aliyekata pande, mtambo uliobana sauti, mtafsiri aliyefupisha, VJ aliyeongeza, na mwisho vidole vya mtazamaji mwenyewe. Hakuna chombo kisicho na dosari. Kanda ilikata picha lakini ilikusanya watu. Simu inarudia sentensi lakini inamwacha mwanafunzi peke yake. Mwalimu anayejua hayo anaweza kuchagua. Asiyejua anaweza kumhukumu mwanafunzi kwa kosa la skrini.

Tulimrudishia kijana yule alama zake za swali la saba. Tulifuta maneno yetu mekundu, ingawa wino haukutoka wote. Kisha tukaipunguza picha kwenye simu yake mpaka mistari myeusi ikatokea pande zote mbili, tukairudia ile salamu. Safari hii msichana alishuka, goti lake likagusa sakafu, akasubiri. Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kijana akacheka kidogo, akasema, "Kumbe ni kama kwetu."

Tungependa kusikia kutoka kwa walimu wenzetu wa sekondari na vyuo: ninyi mnatumia filamu kwa njia gani, na wanafunzi wenu wanazitazama kwa chombo gani? Mlango wa Idara uko wazi.